Mjomba Qin, Mwalimu wa Kinga, na Sahani ya Samaki Mbichi

Mjomba wangu Qin Shiyuan akikaa mezani, kitu cha kwanza anakosha bakuli kwa chai ya moto. Bakuli, vijiti vya kulia, kikombe, hadi kile kisahani cha kuwekea miiba. Anamimina, anazungusha, anamwaga, anarudia, uso umekaza kama anapasua mtu moyo. Sawa, mjini kwetu kila mtu anakosha hivyo, ila sisi tunafanya huku tunapiga soga. Yeye anafanya huku anatoa somo.

"Mnaona? Dakika moja tu, umejiepusha na kitanda cha hospitali."

Halafu ndani ya bakuli hilo safi anatia samaki mbichi.

Ndiyo, mbichi. Mama yangu, ambaye ni mdogo wake, ana mgahawa wa samaki mbichi kando ya mto, ule wenye viti vya plastiki vya bluu. Samaki anakatwa vipande vyembamba mpaka maua ya sahani yanaonekana chini yake, anawekewa tangawizi, figili, siki, mafuta ya karanga, watu wanakula na pombe ya mchele. Na Mjomba anafundisha udaktari wa kinga kwenye chuo cha udaktari hapa mjini. Yaani anawafundisha madaktari wa kesho jinsi ya kuzuia watu wasiumwe kabisa, badala ya kusubiri waumwe ndiyo uanze kuwatibu. Na kwa huku kwetu kinga inaanzia hapo hapo: usile samaki wa mto mbichi, ana mnyoo wa ini. Mnyoo anakaa ndani ya samaki, ukimla anahamia kwenye ini lako, anatulia humo miaka na miaka kama mpangaji aliyegoma kutoka.

Mjomba anafundisha hilo mwaka mzima. Mchana anakuja kwa Mama kula.

"Kaka, na wale minyoo unaowasema darasani?" Mama anamuuliza kila siku, makusudi, wateja wasikie.

Mjomba anainua kikombe cha pombe. "Hii inawamaliza."

Maneno hayo angesema dereva wa lori, ningeelewa. Huyu ana shahada ukutani.

Hata kuingia kwenye kinga hakutaka. Alitaka upasuaji, kama wote. Mama anasimulia, na Mama akianza kusimulia sahani zinapoa, kwamba siku ya kwanza Mjomba kuingia chumba cha upasuaji aliona damu akakaa sakafuni taratibu, akasema anatafuta kalamu yake. Alikaa pale anatafuta kalamu mpaka upasuaji ukaisha. Walimu wakakubaliana kwamba kijana huyu apelekwe sehemu isiyo na damu. Ndiyo akapelekwa kinga.

Na pale chuoni kinga ni somo ambalo kila mtu anafaulu na hakuna anayesikiliza. Kipindi chake wamekiweka baada ya chakula cha mchana, saa ambayo mji mzima unalala. Wanafunzi wanakuja na mito ya shingo. Nimeona picha, zinazunguka kwenye simu: safu nzima vichwa mezani, na mbele kabisa Mjomba na kifimbo chake anaonyesha slaidi ya konokono. Slaidi zilezile, mwaka hadi mwaka, mpangilio uleule. Na ana utani wake mmoja: "Konokono hana haraka, lakini mnyoo ana safari." Akishausema anatulia kidogo ili wacheke. Hakuna aliyewahi kucheka. Anatulia vilevile.

Sasa, jambo lililokuwa linamuua Mjomba si minyoo. Ni jina. Maisha yake yote alikuwa Mwalimu Qin, akitaka kuwa Profesa Qin. Si profesa kamili, hata profesa mshiriki tu lingemtosha. Aliomba, akanyimwa. Akaomba tena, wakampa mwingine. Wanafunzi aliowafundisha wakampita, mmoja wao ndiye anamsainia likizo. Na chuo kina sheria yake ya umri: ukishavuka, huombi tena, unabaki ulivyo mpaka unastaafu. Mwaka ule ulikuwa wa mwisho kwake. Alikuwa ameshachapisha hadi kadi za jina zimeandikwa Profesa, zimekaa kabatini zinamsubiri. Shangazi, mke wake, alizikuta akacheka mpaka akakaa chini. Mjomba hakuongea naye siku nzima.

Basi likaja agizo. Mkuu wa chuo, Mkuu Tan, mtu mnene anayependa kusimama katikati ya kila picha, akatangaza kwamba kuanzia sasa kinga itafundishwa kwa visa. Maana yake husomi slaidi tena. Unawapa wanafunzi kisa cha mgonjwa, kidogo kidogo, wao wenyewe wanauliza, wanabishana, wanatafuta ugonjwa umetokea wapi na ungezuiwa wapi. Jibu huwapi. Wakaguzi watakuja kutoka mji mkuu wa mkoa kutazama somo la wazi, na atakayelifundisha vizuri, ombi lake la cheo litaenda juu likiwa na saini ya Mkuu.

Mjomba aliinua mkono kabla sentensi haijaisha.

Sasa kama umewahi kusoma shule yoyote nchini kwetu, unajua somo la wazi ni nini. Ni maigizo. Tumeigiza tangu darasa la kwanza. Madirisha yanasafishwa, wazito wa kichwa wanafichwa, mwalimu anauliza swali kama vile amelifikiria sasa hivi, na wewe unajibu jibu ulilokariri wiki nzima. Mimi niliwahi kuwa "mtoto anayegundua" kwamba barafu ni maji. Niligundua kila asubuhi mpaka wakaguzi walipofika.

Lakini sisi tulikuwa watoto. Mjomba aliwafanyia hivyo watu wazima wenye makoti meupe. Mazoezi walifanyia kwetu, chumba cha juu cha mgahawa, kwa sababu chuoni wangeonekana. Nilikuwa nasikia kila kitu.

Alitunga mgonjwa, Bwana Zhu, anachoka, anawashwa mwili, macho ya njano. Kila mwanafunzi akapewa sentensi yake. Na utaratibu ulikuwa huu: wote wanyooshe mikono, wakaguzi wapendezwe, lakini mwenye sentensi ananyoosha mkono ulioshika kalamu. Asiye na sentensi ananyoosha mkono mtupu, na Mjomba anajua huyo asimguse.

"Lan, ukisema 'huenda ni samaki', sema kama umeshtuka," nikamsikia.

Lan Qiuyan ni kiongozi wa darasa, msichana anayeandika hata mwalimu akikohoa. "Nishtuke vipi, Mwalimu? Nimeshasema tangu juzi."

"Shika kidevu kwanza. Fikiri. Subiri kidogo. Halafu ndiyo ushtuke."

"Huenda," Lan akasema, "ni samaki."

"Hapo umeshtuka kama umeambiwa basi limechelewa. Tena."

Nyuma kukatoka sauti ya kivivu. "Mwalimu, na mimi nasema nini?"

Huyo ni Wei Tingguang, bingwa wa kulala, yule ambaye mto wake wa shingo una masikio ya paka.

"Wewe unakaa nyuma ya nguzo," Mjomba akasema.

"Nikae nafanya nini?"

"Unapumua."

Mama akaita kutoka ngazini. "Kaka, hao watoto wanakula nini?"

"Chochote kilichopikwa. Kipikwe vizuri, kiive."

"Na wewe?"

"Mimi yule wa kawaida."

Halafu Wei akasema, taratibu, "Aisee," na wote wakaangua kicheko isipokuwa Mjomba, ambaye alidhani wanacheka kwa sababu Lan hatimaye ameshtuka vizuri.

Siku yenyewe ikafika. Somo lilikuwa mchana, kwa hiyo kabla yake lazima wageni walishwe, na huku kwetu mgeni mzito hapewi kuku. Anapewa samaki mbichi. Mkuu Tan akawaleta wote kwa Mama, chumba kikubwa chenye meza inayozunguka. Kiongozi wa wakaguzi alikuwa Profesa Ouyang, mama mdogo wa mwili, nywele fupi za mvi, amekuja na chupa yake ya maji ya moto. Na yeye mwenyewe ni mtu wa kinga, maisha yake yote. Hilo Mkuu Tan alikuwa ameambiwa. Kulikumbuka ndiyo shida.

Utaratibu wa meza ni kwamba mwenyeji anachukua kipande cha kwanza kwa vijiti vyake mwenyewe, anamwekea mtu anayetaka kumheshimu. Ukikikataa ni kama umemtemea mate. Mkuu Tan akainuka, akachukua kipande kizuri, chembamba, kimelowa mafuta, akakipeleka kwenye bakuli la Profesa Ouyang.

Profesa akaweka kiganja juu ya bakuli lake. "Niko kwenye dawa, Mkuu. Nisamehe."

Mgeni mwenye dawa halazimishwi. Lakini kipande kilishatoka sahanini, na hakirudi. Kikaning'inia hewani kinadondosha mafuta kwenye kitambaa cha meza. Mkuu Tan macho yakazunguka, yakatua kwa Mjomba, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kukosha bakuli lake mara ya pili.

"Mwalimu Qin ndiye mtaalamu wetu wa haya mambo," akasema, na kipande kikatua. "Akila yeye, sote tuna amani."

Mjomba akamwangalia Profesa. Akakiangalia kipande. Akamwangalia Mkuu, mtu wa saini. Nilikuwa nimesimama mlangoni na Mama.

Akala. Akanywa na pombe. Halafu, na hapa ndipo Mama alinikanyaga mguu, akamgeukia Profesa wa kinga kutoka mji mkuu wa mkoa akamwambia, "Pombe inawamaliza."

"Kumbe," Profesa akasema. Hilo tu. Akafungua chupa yake akanywa maji.

Kijana wa habari wa chuo akapiga picha. Mkuu katikati, bila shaka, vijiti vyake ndani ya bakuli la Mjomba, Mjomba mdomo wazi. Kabla hawajamaliza kula, picha ilikuwa kwenye ukurasa wa chuo: tumewapokea wageni wetu kwa kitoweo cha nyumbani. Wenyewe waliirusha. Hakuna adui aliyewafanyia.

Somo lilionyeshwa mubashara. Mimi na Mama tuliliangalia jikoni, simu imeegemea chupa ya siki, Mama anamenya figili bila kuangalia kisu.

Mwanzo ulikwenda kama maji. Mjomba akamleta Bwana Zhu. Mikono yote juu, kalamu zinang'aa. Mmoja akauliza kama anakunywa pombe, mwingine akauliza choo cha kijijini kwake kinamwaga wapi, mwingine akaeleza kinyesi kinaingia mtoni, konokono anakula mayai ya mnyoo yaliyomo, mnyoo anatoka kwa konokono anaingia kwa samaki. Lan akashika kidevu. Akafikiri. Akasubiri. Akashtuka.

"Huyu binti angeenda kuigiza tu," Mama akasema.

"Na sasa," Mjomba akasema, sauti imelainika kabisa, "tungemkinga vipi Bwana Zhu?"

"Kwa elimu," wakajibu, karibu kwa pamoja. "Wananchi wakijua hatari, wataacha."

Mjomba akafumba macho kidogo kama mtu aliyesikia muziki. Nakwambia alikuwa ameshafika kabatini kwenye zile kadi.

Profesa Ouyang akanyoosha mkono. Mtupu, hauna kalamu.

"Naomba nimuulize yule kijana nyuma ya nguzo."

Kamera ikahangaika, ikaenda, ikarudi, ikampata Wei, masikio ya paka yamechomoza begani.

"Profesa, huyo ana mafua," Mjomba akasema haraka.

"Sitamkaribia. Kijana, wewe ukiwa daktari wa eneo la Bwana Zhu, unaanzia wapi?"

Wei akasimama. "Mimi sijapewa cha kusema, Profesa."

Watu wakacheka, lakini kile kicheko cha kuzibwa kwa mkono.

"Ndiyo maana nakuuliza wewe."

Wei akajikuna shingo. "Mimi naona elimu haisaidii."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu Mwalimu anajua yote hayo. Ametufundisha yeye. Na mchana huu amekula." Akainua simu yake juu, ile picha ya chuo. Na mpiga kamera, Mungu ampe maisha marefu, akaisogelea mpaka ikajaa skrini nzima.

Mama akaweka kisu chini. "Shika hiyo simu vizuri."

Komenti zilikuwa zinapanda mpaka hazisomeki. Mjomba alikuwa amesimama na kifimbo chake, mdomo wazi vilevile kama kwenye picha, ungedhani ni picha moja.

Nilidhani Profesa ataondoka. Badala yake akavuta kiti mbele. "Basi tuachane na Bwana Zhu, hayupo. Mgonjwa tunaye. Anajua kila kitu na bado amekula. Kwa nini? Endeleeni."

Mwanzoni wakaogopa. Halafu mmoja akasema ni kwa sababu ni kitamu. Mwingine akasema anaiamini pombe. Lan, na safari hii hakushika kidevu, akasema, "Pombe ile haiwezi kusafisha hata kidonda, ataua nayo mnyoo?" Mwingine akasema ni mazoea, amekulia mtoni. Wakaanza kukatizana. Nakwambia darasa lile halijawahi kuwa macho hivyo saa hiyo. Kuna mtu nyuma alikuwa amesimama juu ya kiti.

"Angalieni picha vizuri," Wei akasema. "Vijiti vile ni vya nani?"

Vijiti vilikuwa vya Mkuu Tan, na Mkuu Tan alikuwa safu ya mbele, anatazama kiatu chake.

"Angeweza kukataa?" Profesa akauliza.

"Mwaka mwingine labda," Lan akasema, sauti ndogo. "Mwaka huu ana ombi."

"Kwa hiyo ungeanzia wapi?"

"Kwa anayegawa," Wei akasema. "Huyu ukimpa elimu tena ni kumwaga maji mtoni. Anayo. Shida ni kwamba kula kwake hakuamui yeye. Chuo kiache kuwalisha wageni samaki mbichi, na asiwepo mtu wa kumwekea mtu chakula kwenye bakuli halafu ndiye anamsainia karatasi."

Profesa akatikisa kichwa kukubali. Halafu akageuka. "Mwalimu Qin, umepima lini mara ya mwisho?"

"Mimi afya yangu ni nzuri," Mjomba akasema.

"Nimeuliza lini."

"Sijawahi."

Somo bora kabisa katika historia ya chumba kile, na mwalimu alichangia neno moja.

Alikuja jikoni kabla ya jua kuzama, akakaa juu ya gunia la figili, koti jeupe bado mwilini. Mama akampa bakuli la wali. Hakulikosha. Hapo ndipo nilijua mambo ni mabaya.

"Nimekwisha, mdogo wangu."

"Kula."

"Nitastaafu Mwalimu Qin."

"Ni jina lako, kaka. Kula wali."

Karibu nimuonee huruma. Karibu. Maana wakati huohuo magari yalisimama nje, Mkuu Tan na wakaguzi wamekuja chakula cha jioni, na Mkuu alikuwa anacheka kwa sauti kubwa mno kwa mtu aliyeaibishwa. Akamwita Mjomba mezani, akamkalisha karibu yake, akamshika bega.

"Profesa," akamwambia Ouyang, "sasa naweza kukuambia. Lile lote lilipangwa. Chakula cha mchana, picha, hata yule kijana nyuma ya nguzo. Tulitaka kisa hai. Mwalimu Qin alijitoa awe mgonjwa, na mimi nikajitoa niwe vijiti. Siyo, Mwalimu Qin?"

Meza inayozunguka ikasimama. Samaki mbichi safari hii hakuwepo. Mama alipeleka supu ya maboga bila kuulizwa.

Mjomba angeweza kusema hapana. Neno fupi. Angestaafu nalo, angelala nalo vizuri. Aliangalia supu. Aliangalia mkono wa Mkuu begani kwake. Nikajua anaziona zile kadi.

"Ndiyo," akasema. "Tulipanga."

Profesa Ouyang alimwangalia mpaka supu ikaacha kutoa moshi. Halafu akatabasamu, na mimi ningekuwa Mjomba ningekimbia.

"Vizuri sana," akasema. "Nilidhani ni ajali, ningeandika vibaya. Kama ni mbinu mliyoipanga, basi inafaa irudiwe. Nitaandika hivyo. Kila mwaka, mbele ya wageni kutoka vyuo vingine, utaratibu uleule, kuanzia kipande cha kwanza. Na kipimo cha kinyesi kiwe ndani ya somo. Siku mtakayochoka, Mwalimu, niambie tu kwamba haikupangwa. Nitaelewa."

Alipokuwa anaondoka alipita jikoni kuaga. Akaangalia kisu cha Mama, ubao, samaki kwenye barafu.

"Dada, na wewe unakula hawa?"

"Mimi nauza," Mama akasema.

Na ni kweli. Katika maisha yangu sijawahi kumuona Mama anakula kipande kibichi hata kimoja. Profesa alicheka mpaka mlangoni.

Cheo kilitoka. Profesa mshiriki Qin Shiyuan, muhuri mwekundu na kila kitu. Kadi zikatoka kabatini na alizigawa kama mtu anayelisha bata. Alimpa hadi muuza tofu. Mimi nimepewa mbili.

Na kipimo kikatoka pia. Kilionyeshwa darasani kwa projekta, mayai ya mnyoo, mengi, yamejaa ukuta mzima, na Lan akaeleza kwamba hayo si ya juzi, hao wapangaji wamo humo miaka. Wanafunzi walipanga foleni kupiga picha. Mjomba alisimama pembeni ya mayai yake mwenyewe, anaonyesha kwa kifimbo, anayaita "ya mgonjwa." Akameza vidonge, akapona.

Halafu mwaka ukazunguka, na wageni wakaja.

Nilikuwepo. Meza ileile. Vyuo vingi vilikuwa vimeleta watu, simu zote juu, maana somo hilo sasa linajulikana kote mkoani na wanafunzi wa kinga wanagombea viti. Wei hakai tena nyuma ya nguzo, anakaa mbele, na hajalala tangu siku ile. Anasema anataka kuwa mtu wa kinga, mama yake analia. Wamejifunza kweli, hilo siwezi kukataa. Wamejifunza kwa kumtazama Mjomba asivyojifunza.

Mkuu Tan akainuka, safari hii uso umempauka kidogo, akachukua kipande kwa vijiti vyake, akakiweka kwenye bakuli la Mjomba. Yeye mwenyewe alikuwa amechoka na huo mchezo, ilionekana. Mwisho wa meza, Profesa Ouyang alikuwa amekaa na chupa yake ya maji ya moto, anasubiri neno moja: haikupangwa.

"Profesa Qin," Wei akauliza, kama utaratibu unavyotaka, "unaweza kukataa?"

Mjomba akamwangalia. Akamwangalia yule mama wa chupa. Mdomo ukafunguka, na nakuapia kwa sekunde nilidhani atalisema.

"Ngoja," akasema.

Akakitoa kile kipande kwa vijiti, akakiweka pembeni kwenye kisahani. Akavuta birika. Akamimina chai ya moto kwenye bakuli, akazungusha, akamwaga, akarudia, simu zote zikimfuata mkono.

"Mnaona?" akawaambia wageni. "Dakika moja tu."

Akakirudisha kipande bakulini, akala.

"Kumbe," akasema Profesa Ouyang, akafungua chupa yake.